Kitabu Nilichokipiga Chapa ya Ngamia

Hapana, Hodan, si kwa sababu ya kichwa kikubwa. Huo ni uongo nimekuambia tangu uko darasa la kwanza, na leo asubuhi nimeurudia tena ukiwa unakunja nguo. Umeniuliza, "Aabo, kwa nini soko nzima inakuita Maktaba, na hii nyumba yetu haina hata rafu moja ya vitabu?" Nikasema ni kichwa, kikubwa kama jengo la serikali. Ukacheka, mama yako akacheka, mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kamba ya kufunga sanduku lako.

Sasa ni baada ya Asr, nimekaa hapa dukani, nimechana karatasi katikati ya daftari yako ya zamani. Kesho unapanda basi unaenda chuo cha ualimu huko Kericho, mahali mvua inanyesha mpaka watu wanaitukana. Walaahi mimi nikisikia mtu anatukana mvua naona kama anatukana mgeni aliyekuja na zawadi. Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha na swala ya alfajiri mama yako ameyamaliza yote, hakunibakishia hata moja. Kwa hivyo nitakuambia ile kitu mama yako anaijua na hajawahi kukuambia kwa sababu nilimwapisha. Kuna mtu hapa Garissa nina kisasi naye tangu kabla hujazaliwa. Na wewe, mama, nilikutumia kama fimbo ya kumchapa.

Mtu mwenyewe unamjua. Mwalimu Hirsi. Ndiyo, huyo huyo, mzee wa nyumba ya mabati ya kijani, yule wa baraza. Usitupe barua. Kaa chini.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, huko upande wa Balambala, halafu mbuzi wa babu yako wakanihitaji kuliko mwalimu; maneno yangu naweza kuyaandika, ya watu ndiyo hunishinda kusoma. Kitu moja nakumbuka kwa hiyo shule ni ngamia waliokuwa wakija na masanduku ya vitabu mgongoni. Watoto wengine walikimbilia masanduku. Mimi nilikimbilia ngamia, nikaangalia chapa iko wapi, shingoni ama kwa paja, nikatangaza ni ngamia wa nani. Mwalimu akauliza, "Na kitabu umeona?" Nikasema, "Kitabu hakina chapa, nitajuaje ni cha nani?" Watu walicheka, na mimi nilipenda kuchekesha. Kumbe hapo ndipo balaa yangu iliandikwa.

Nilikuja mjini nikiwa na miaka ishirini na kitu, meno yote yapo. Nikauza kamba, nikauza viatu vya matairi, halafu nikaanza kuuza dawa za mifugo sokoni. Hiyo ilikuwa kazi tamu. Watu wananiita daktari! Dawa nilizijua kwa rangi ya chupa na picha ya mnyama. Chupa nyeupe, minyoo. Chupa ya kahawia, mapafu. Maandishi madogo yale nilidhani ni ya kupendeza tu, kama maua kwa kikombe.

Siku moja mama mmoja mzee akaja kutoka Kotile, mbuzi wake wamekonda. Nikampa chupa nyeupe. Nikamwelekeza kama daktari mkubwa, mkono kwa kiuno. Baada ya siku chache akarudi. Hakupiga kelele. Mbuzi wake waliokuwa na mimba changa walitupa mimba, wote. Alikuwa amempa mtu mwingine asome ile chupa, na ilikuwa imeandikwa hapo hapo: usimpe mnyama mwenye mimba changa. Akaniwekea chupa mkononi akasema, "Kijana, hayo kwa uso wako ni macho ama ni vifungo vya shati?"

Hodan, nimetukanwa na watu wengi, na wengine niliwasaidia kutafuta maneno. Lakini hilo swali lilinilaza njaa. Wiki hiyo hiyo nikaenda maktaba.

Hujui mtu kama mimi kuingia pale ilikuwa namna gani. Nilivua viatu mlangoni. Nilidhani ni kama msikiti, kwa sababu kulikuwa kimya vile. Kijana wa dawati akaniambia, "Vaa viatu, ndugu, hapa hatuswali." Akanipa fomu. Jina nikaandika. Mahali unapokaa nikaandika. Halafu kukawa na sehemu ya mdhamini. Nikauliza, mdhamini wa nini, mimi siazimi ngamia. Akasema, "Mtu anayekujua. Akisema wewe utarudisha kitabu, sisi tunakuamini kwa sababu ya jina lake."

Hiyo nilielewa haraka sana. Si hiyo ndiyo sisi tunafanya? Mtu ameanguka, mifugo imeisha kwa ukame, ndugu anampa ngamia wa maziwa. Unakamua, watoto wananywa, mwaka ukipita unamrudisha na ndama wake. Kati yenu hakuna karatasi, kuna jina tu. Nikasema, kumbe hawa watu wa maktaba ni watu wetu!

Nikaenda kwa Mwalimu Hirsi. Wakati huo alikuwa na ndevu nyeusi na baiskeli, na watu wakiona baiskeli wanasimama wima. Kwao na kwetu tulinyweshea kisima kimoja. Akasoma fomu yangu, akatia sahihi ndefu yenye mkia. Akasema, "Usiniaibishe." Nikasema, "Mwalimu, kabla nikuaibishe nitakuwa nimekufa mara mbili." Ona mdomo wangu.

Nikapata kadi. Ilikuwa karatasi ngumu tu, ina jina langu na muhuri. Niliiweka kwa mfuko wa shati, na nikikutana na mtu nainama kidogo ichomoze. Kitabu nilichochukua ni cha magonjwa ya mbuzi, kina picha. Nilikaa nacho kila jioni, nikisoma herufi moja moja kama mtu anayevuka mto Tana akipima kina kwa fimbo. Nikajua kwa nini ile chupa nyeupe ilifanya vile ilifanya. Kuna ukurasa nilisoma siku tatu.

Lakini nilikuwa nalala chumba kimoja na wanaume wanane, na hapo hata sabuni ilikuwa inahama. Nikaogopa kitabu kuibiwa. Nikafikiria, kwetu kitu hakiibiwi kwa sababu gani? Kwa sababu ya chapa. Mwizi akiona chapa anajua ukoo mzima utamfuata. Basi nikapasha msumari kwa makaa ya mama wa chai, nikakipiga kitabu cha serikali chapa ya ngamia ya babu yako, katikati ya jalada, vizuri sana, mistari miwili na nusu duara. Moshi ukatoka. Nikakipuliza. Nikajiona nimekilinda.

Na hapa nakubali kosa langu, kwa sababu baba asiyekubali kosa anawaachia watoto walibebe. Ngamia wa kuazimwa hapigwi chapa. Hata mtoto anayechunga ndama anajua. Ukimpiga chapa mnyama wa watu umesema ni wako. Nyanya yako angekuwa hapo angenichapa na ule ule msumari. Lakini mimi, kwa kupenda kitu, nilisahau ni cha watu. Mengi niliyoharibu maishani niliharibu hivyo hivyo. Wewe mwenyewe utaona mbele kidogo.

Nilirudisha siku ile ile iliyoandikwa, nimevaa shati safi. Yule kijana wa dawati akageuza jalada. Akaangalia, akanusa. Akasema, "Ndugu, hii ni nini?" Nikamweleza kwa fahari. Akajizuia kucheka mpaka machozi, lakini hakuwa mbaya. Akasema, "Peleka kwa fundi wa viatu akibandikie ngozi juu, yaishe. Lakini lazima nimwambie mdhamini wako."

Mwalimu akaja na baiskeli. Akaja na darasa lake nyuma, watoto arobaini na kitu, ilikuwa siku yao ya maktaba. Angeniita kando. Kuna mti pale nje, kuna ukuta, kuna nyuma ya choo, dunia imejaa mahali pa kumwambia mtu kosa lake. Hakuniita kando. Akainua kitabu juu kama nyama ya mnada akasema, "Waryaa, mimi niliweka sahihi yangu kwa mtu. Kumbe niliweka kwa ngamia. Watoto, ona ngamia wa maktaba!" Watoto arobaini wakacheka. Mmoja akalia kama ngamia. Mwalimu akachukua fomu yangu, akakata jina lake kwa kalamu nyekundu, kadi yangu akaitoa kwa mfuko wa shati langu kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mezani.

Kwa mkono wake mwenyewe, Hodan. Hiyo ndiyo sijasamehe. Mkono ule kwa mfuko wangu mpaka leo nausikia.

Jioni alikunywa chai akawapa wanaume hadithi. Asubuhi nilipofika sokoni, mchunga punda mmoja akapiga kelele, "Maktaba! Umeamkaje, Maktaba?" Jina likanishika. Mama yako alinipokea na hilo jina. Wewe umezaliwa ukaitwa mtoto wa Maktaba.

Nikaapa nitamlipa. Na nimejaribu, walaahi nimejaribu. Kwanza nilinunua punda mvivu, mkaidi, anayepiga teke wageni, nikamwita Mwalimu. Nilikuwa nampitisha mbele ya shule nikipiga kelele, "Mwalimu, tembea! Mwalimu, umekula bure!" Ilikuwa tamu kama wiki mbili, halafu punda akamzoea mwalimu mwenyewe, akawa anasimama kwa mlango wake akipewa maganda ya ndizi. Nikauza punda.

Halafu miaka ikapita, mwalimu anaoza binti yake, anataka mbuzi wa harusi. Nikatuma mtu asiyejulikana amuuzie mbuzi dume mzee niliyemchagua mimi, mzee mpaka anakumbuka ukoloni. Nilicheka peke yangu siku tatu. Siku ya harusi nikaalikwa. Si tulinyweshea kisima kimoja? Nikawekewa sahani, na kipande kilichonifikia kilikuwa cha yule mbuzi. Nilikitafuna kisasi changu kuanzia adhuhuri, hakikuisha. Hilo jino la kushoto ulilokuwa ukiniuliza, lilibaki pale. Mama yako alijua. Alinisogezea wali akaninong'oneza, "Meza basi, si ulipika mwenyewe?"

Sasa nakuja kwako.

Ulipofika darasa la tano nilikuchukua nikakupeleka maktaba kupata kadi. Ulidhani ni kwa sababu baba yako anapenda elimu. Napenda, ndiyo. Lakini siku hiyo sikuwa nafikiria elimu. Kwa fomu ya watoto mzazi ndiye anatia sahihi, haihitaji mwalimu yeyote mwenye baiskeli. Niliandika jina langu kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Na Jumamosi zote zile nilizokuambia upite njia ndefu, ile inayozunguka nyuma ya soko, nikakuambia ni kwa sababu ya kivuli, hakuna kivuli pale. Umewahi kuona kivuli pale? Kuna baraza la Mwalimu Hirsi. Nilikuambia usitie kitabu kwa mfuko, ushike mkononi, jalada nje, "ili kisikunjike." Nilitaka akione. Nilitaka kila Jumamosi akae pale aone mtoto wa ngamia anapita na vitabu, na kadi yake, na hakuna wa kuinyang'anya.

Ulipita miaka na miaka. Mimi Jumamosi nilikuwa naamka na furaha kama mtu aliyeweka mtego. Ukirudi nakuuliza, "Mwalimu alikuwa nje?" Unasema, "Alikuwa." "Aliona kitabu?" "Aliona, aliuliza ni cha nini." Nilikuwa nakula chakula cha mchana kama sultani.

Halafu huu mwaka, miezi mitatu iliyopita, nilikuwa napita na pikipiki ya watu nyuma ya nyumba hiyo ya kijani. Nikasikia sauti yako. Nikazima, nikasimama nyuma ya tangi la maji. Ulikuwa umekaa kwa mkeka wake, unamsomea kitabu. Yeye amekaa kwa kiti, macho meupe kama maziwa, uso ameuelekeza kwa ukuta badala ya kwako. Hapo ndipo nilijua haoni. Sijui alikuwa haoni tangu lini. Labda hizo Jumamosi za karibuni nilikuwa napitisha kisasi changu mbele ya kipofu.

Akasema, "Rudia hapo." Ukarudia. Akasema, "Umekosea kusimama, kuna nukta." Ukasema, "Mwalimu, wewe unaona nukta kuliko mimi?" Akacheka. Halafu akakuuliza, "Baba yako anasoma?" Ukasema, "Baba yangu ni Maktaba." Akasema, "Siku moja muulize hilo jina alilipata wapi. Akikuambia, uje unieleze vile amesema." Ukasema, "Si umuulize mwenyewe? Yuko sokoni kila siku, hata hafichiki, anapiga kelele." Akasema, "Mimi siwezi."

Nilikutuma kama mkuki, mama, wewe ukaenda ukakaa kama kikombe cha chai. Siku mbili sikuzungumza na wewe. Ulidhani ni ile simu uliyovunja kioo. Haikuwa simu. Nilikasirika kwa sababu kitu yangu niliyoipiga chapa nimeikuta kwa boma la adui, inakamuliwa, na inaonekana imeridhika. Ndiyo, niliona. Wewe nawe nilikupiga chapa. Mtoto ni wa kuazimwa, na mimi nikapasha msumari.

Na kati ya kazi zote duniani ukachagua ualimu! Daktari kulikuwa, polisi kulikuwa, hata kuuza kamba.

Sitakuambia samehe watu. Mimi mwenyewe sijui inafanywaje. Lakini utakuwa mwalimu, na watu watakuja kwako na fomu. Usiogope kutia sahihi. Ukishatia na mtu akiharibu, mshike mkono umpeleke nyuma ya choo, umwambie kila kitu, umtukane ukitaka, halafu rudini mbele ya watu pamoja. Jina lako usilikate mbele ya watoto arobaini. Kalamu nyekundu ile ilikata sekunde moja, mimi nikaendelea kukata miaka ishirini. Juzi nilienda pale maktaba. Ndiyo, mimi, na viatu miguuni. Nikamuuliza dada wa dawati, mtu akinyang'anywa kadi zamani anakatazwa mpaka lini? Akanishangaa. Akasema, "Alete mdhamini mwingine tu. Hata angerudi wiki ile ile." Wiki ile ile, Hodan. Mwalimu alinitoa siku moja, hizo zingine zote nilijitoa mwenyewe, nikasoma chupa kwa rangi, nikikuita wewe unisomee na kujifanya nimesahau miwani. Sina miwani.

Hata hivyo bado namtaka Hirsi. Usidhani nimelainika. Na sasa nimempata, mahali pazuri, kuliko punda, kuliko mbuzi.

Chini ya barua hii nimeweka fomu. Nimeijaza. Imebaki sehemu ya mdhamini. Dada amesema anahitaji mtu mzima mwenye kitambulisho, na ambaye ananijua vizuri. Kitambulisho chako kimetoka, baada ya kukaa mbele ya wale wazee wa kuhakiki kama wewe ni Mkenya kweli, ukiulizwa majina ya babu mpaka wa sita, na kunijua, wewe unanijua kupita kiasi. Tena sasa unajua na chapa.

Basi sikiliza makubaliano. Wewe kabla ya basi tia sahihi hapo, weka mkia mrefu. Mimi Jumamosi naenda na fomu, nachukua kadi, natafuta kile kitabu cha magonjwa ya mbuzi kama bado kipo na ngozi yake ya fundi. Halafu napita njia ndefu, jalada nje. Nafika kwa baraza la kijani, nakaa kwa mkeka wako, kwa sababu wewe utakuwa Kericho na wanawe wote wako Nairobi, hana wa kumsomea. Na nitamsomea mimi, darasa la nne, herufi moja moja. Minyoo yote, kuharisha kote, kwato kuoza, ukurasa baada ya ukurasa, Jumamosi baada ya Jumamosi, na nukta sitasimama hata moja. Haoni, atakimbilia wapi? Atasikiliza mpaka ukurasa wa mwisho, na hapo ndipo nitamwambia jina nililipata wapi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wewe tia sahihi tu, mama. Nikimaliza hicho, kitabu cha pili nitamwachia achague yeye.